Nusu ya Somo la Saba

Somo la saba lilikuwa na sehemu mbili. Mimi niliipata ya kwanza tu, na kwa hiyo moja nikapanda basi kwenda Kibondo kudai mjukuu.

Nianze na kozi yenyewe, maana watu wa Kasulu walisema mengi. Sikuwa nabadili dini. Wala sikuwa najifunza uganga wa Kihindi kwenye kompyuta, kama alivyotangaza jirani mmoja kisimani. Ilikuwa kozi ya bure ya dini linganishi, iliyofundishwa kwa njia ya mtandao na chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, na aliyejiandikisha hakuwa mimi. Alikuwa binti yangu Asnath.

Asnath alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibondo. Huko akaolewa na Khatibu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, akasilimu. Mimi nilikwenda harusini, nikala pilau, nikarudi. Mume wangu Theonest, ambaye ni mzee wa kanisa, alikaa kwenye jamvi lile kama mtu aliyemeza mfupa, lakini alikwenda. Hatukuwa na mtoto mwingine, hata tumkasirikie huyu. Asnath alituambia anasoma kozi ile ili ajue ametoka wapi na ameingia wapi. Aliifikisha somo la nne. Mwanzoni mwa mwaka 2014 malaria ikampanda kichwani, akalazwa, hakuamka. Mwanawe Zena alikuwa bado anatambaa.

Khatibu akaniletea kompyuta ya Asnath na modemu. Nilipoiwasha ikaandika kwa Kiingereza: Karibu tena, Asnath. Endelea ulipoishia. Mimi ni mtu wa kumaliza kazi. Kukaa na mtoto aliyekufa sikujua kunafanywaje, basi nikakaa na masomo yake.

Kazi yangu ni ofisa mifugo, kwa stashahada. Kila siku alfajiri nipo machinjioni nakagua nyama na kuigonga muhuri. Kiingereza changu ni cha chuo cha mifugo: minyoo ya ini naijua kwa majina yake yote, lakini neno kama nadhiri au wokovu ilinibidi nifungue kamusi. Mtandao wenyewe Kasulu ulipatikana kwenye baraza ya ofisi yetu, ile inayotazama juu mlimani kwenye mnara, tena mapema kabla mji mzima haujashika simu. Video fupi ilijaa taratibu kama maharage mabichi yanavyoiva. Nilikuwa natoka machinjioni na mabuti yangu ya mpira, nakaa pale, nangoja.

Aliyefundisha alikuwa mama mmoja mwenye mvi, asiyecheka ovyo. Nilimpenda kwa sharti lake moja, alilolirudia kila somo. Alisema usitoe neno juu ya dini ya mtu mpaka uweze kuieleza imani yake mbele yake mwenyewe, naye akakwambia, ndivyo. Asiposema ndivyo, hujaelewa; rudi ukae. Ni kama ukaguzi wa nyama. Huandiki alichokuambia mwenye ng'ombe. Unapasua ini, unatazama.

Zena alikuwa anakaa kwa bibi yake wa upande wa baba, Bi Mwanaheri, kwenye nyumba ileile ya Khatibu. Nilikuwa nakwenda kumwona kila nilipopata nafasi. Bi Mwanaheri ni mtu wa Tanga aliyekuja bara na marehemu mumewe zamani za biashara ya chumvi. Anaongea taratibu, kwa Kiswahili cha kwao kinachoteleza, na mimi naongea kama natoa amri kwa mchinjaji. Hatukuwa marafiki. Lakini mtoto alikuwa safi, ameshiba, na mimi sikuwa na la kusema.

Mwezi wa kumi na moja Khatibu akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zena?"

"Mzima. Mama, ni presha ya mama. Imekuwa mbaya. Juzi kaanguka chooni. Hawezi tena kukimbizana na mtoto. Tumekaa tukaona Zena aende Tanga kwa dada yangu. Dada anafika Ijumaa, Jumatatu wanaondoka."

"Tanga."

"Ndiyo mama."

"Unajua Tanga iko wapi, Khatibu?"

"Nilizaliwa huko, mama."

"Basi unajua. Nitamwona lini? Nikistaafu? Kwa nini asije kwangu? Kasulu na Kibondo ni basi moja tu."

Nilisikia mtu akigonga rimu ya baiskeli nyuma yake.

"Mama, si unajua mwenyewe."

"Sijui. Sema."

"Kwako kuna nguruwe."

Nguruwe wenyewe niliwaleta mimi, wa mradi, nikiwashawishi akina mama wa kata nzima wafuge. Jioni ileile nikawapeleka wote kwa jirani. Theonest alisimama mlangoni pa banda tupu akiwa ameshika ndoo ya pumba.

"Hawa si wewe uliyeniambia nifuge?"

"Ni mimi. Sasa nakuambia usifuge."

"Wakishaondoka nguruwe watasema kuna Biblia."

"Watasema."

"Utaiondoa nayo?"

Akaweka ndoo chini. "Loyce, na mimi namtaka Zena. Usinione nimekaa kimya ukadhani simtaki. Lakini mtu akianza kuondoa vitu nyumbani, anaishia kujiondoa mwenyewe."

Ijumaa asubuhi nikaenda barazani na kompyuta. Sikuwa na nia ya kusoma. Nilitaka tu mahali pa kukaa ambapo hakuna anayenionea huruma. Ikaniandikia kama kawaida, Karibu tena, Asnath, ikafungua somo la saba. Somo lilihusu familia. Nilitaka kulifunga, ndipo yule mama mwenye mvi akasema, kwa sauti yake ileile kavu, kwamba katika sheria ya Kiislamu kuna mpangilio wa nani amlee mtoto mdogo, na huitwa hadhana. Wa kwanza ni mama. Mama akifa, wa pili ni mama wa mama.

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Mama wa mama.

Alionyesha mpangilio wote kwenye ubao, mmoja chini ya mwingine, nami nikaunakili kwenye karatasi niliyotaka kuandikia ripoti ya chanjo. Mama mzaa mama juu kabisa. Siku ile paja moja nililigonga muhuri mara mbili, mchinjaji mmoja akaniuliza, "Dokta, leo umekunywa nini?" Nikamwambia ageuze paja nilione.

Sehemu ya pili haikufunguka. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, kifurushi kikaisha. Niliponunua kingine mtandao nao ukaanguka mji mzima, kama ulivyozoea. Somo la tano na la sita sehemu zake za pili zilikuwa maswali ya mazoezi. Nikasema na hii ni mazoezi. Jumatatu mtoto anaondoka. Sitakaa nangoja maswali ya mazoezi.

Nikampigia Khatibu. Nikamwambia aniitie sheikh, nakuja kesho, nina jambo la kisheria.

Basi liliondoka Jumamosi na askari wenye bunduki kiti cha mbele, kwa sababu ya majambazi wa njia ile. Tulipita Makere nilikozaliwa, tukapita njia panda ya Nyarugusu ambako mama mmoja wa kambi ya wakimbizi aliuza mihogo akiita abiria kwa Kiswahili chao cha Kongo. Karatasi ilikuwa ndani ya sidiria. Miguuni nilikuwa na begi lenye khanga mbili za kumbebea mtoto, chupa ya uji na kofia. Nilifungasha kama mtu anayerudi na mtoto.

Zena alikuwa uani, sasa anatembea. Ana paji la uso la Asnath. Nilimwita, akanitazama, akaendelea kumwaga maji kwenye kopo. Shangazi wa Tanga alikuwa amelala chumbani kwa uchovu wa safari. Sebuleni alikaa Sheikh Mansuri, mzee mwembamba anayeuza majembe sokoni, anayejulikana Kibondo kwa kutopandisha sauti. Khatibu alisimama karibu na mlango. Bi Mwanaheri alikuwa kwenye kiti cha mkono, miguu imevimba, mtandio umemteleza mabegani.

"Karibu mkwe," akasema. "Kaa. Umekuja mbio, hata vumbi la Makere hujalipangusa."

"Nitalipangusa baadaye." Nikatoa karatasi mbele yao, bila aibu, nikaisoma. Niliisoma yote. Nikasema: kwa sheria yenu wenyewe, mtoto ni wangu.

Khatibu alinitazama kana kwamba nimeongea Kiarabu. Sheikh Mansuri aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole.

"Ni kweli," akasema. "Mpangilio ndio huu. Mama mzaa mama anatangulia."

Nilishika begi.

"Haya umeyapata wapi, mama?"

"Kwenye mtandao. Ninasoma."

"Na masharti yake?"

"Masharti gani?"

Akaitazama karatasi upande wa nyuma. Kulikuwa na hesabu zangu za chanjo ya kideri ya kuku. "Masharti ya mlezi. Awe na akili timamu. Awe mwaminifu. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata hapa, mtoto akiwa Mwislamu, mlezi awe Mwislamu. Wapo wenzetu wa madhehebu mengine wanaolegeza, kwa mtoto ambaye bado hajaanza kufahamu dini. Sisi hapana. Hawakufundisha hilo?"

"Lilikuwa sehemu ya pili."

"Ikawaje?"

"Mtandao ulikatika."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama mtu angecheka. Uani Zena alimwaga kopo na kuanza kuchota upya.

Nikasema, "Nikisilimu?"

Khatibu akasema, "Mama."

"Ni maneno machache," nikasema. "Asnath aliyasema. Niambieni niyaseme."

Sheikh akaniinamia kidogo. "Mlango uko wazi, simfungii mtu. Lakini nitazame. Unaamini, au unamtaka mtoto?"

Nilitaka kusema ninaamini. Nilifungua kinywa. Nilimwona Theonest na ndoo yake ya pumba. Nimewaambia watu wengi ukweli wasioutaka, ng'ombe wao mzima nikaagiza azikwe, na sikuwahi kumgongea mtu muhuri kwenye kitu nisichokitazama ndani.

"Namtaka mtoto," nikasema.

"Afadhali hadanganyi," akasema Bi Mwanaheri. "Angesema anaamini ningemtoa nje mwenyewe, na miguu hii."

Basi ikawa imekwisha. Sheikh akaikunja karatasi, akanirudishia. Khatibu akaniuliza kama nitakula. Nilikaa pale na khanga zangu mbili miguuni. Sikuwa na hoja iliyobaki. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni lile sharti la yule mama mwenye mvi, na halikuwa silaha, lakini mtu anayezama hachagui cha kushika.

"Bi Mwanaheri," nikasema, "niruhusu niseme unachokiamini wewe. Nikikosea unikatize. Kisha nitaondoka."

"Haya, sema."

"Huogopi kwamba nitamtesa Zena. Unajua atakula, ataoga, atasoma. Huogopi hata nguruwe, ulijua nitawaondoa. Unaamini kuna siku utasimama peke yako uulizwe, huyu mtoto uliachiwa, ulimweka wapi? Na huwezi kujibu, nilimweka mahali pazuri. Pazuri hapatoshi. Unatakiwa kujibu, nilimweka mahali ambapo asubuhi anasikia jina la Mungu kwa namna niliyofundishwa mimi. Na mimi unaniogopa kwa sababu moja. Unajua nitampenda. Nitampenda mpaka atake kuwa kama mimi. Ningekuwa mwanamke mbaya ungelala usingizi, maana angenikimbia akurudie. Lakini mimi si mbaya."

Bi Mwanaheri aliurudisha mtandio kichwani.

"Ndivyo," akasema.

Yule mama mwenye mvi angefurahi. Mimi nilikuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Nikainama nikaokota begi.

"Ngoja," Bi Mwanaheri akasema. "Sheikh, ile karatasi. Baada ya mama wa mama na walio juu yake kwa upande huo, yuko nani?"

"Mama wa baba."

"Na shangazi?"

"Shangazi yuko chini zaidi. Lakini wewe haki yako uliiachia, kwa ugonjwa."

"Niliiachia. Nikiirudia?"

"Ni yako. Ukiweza."

Akamgeukia mwanawe. "Khatibu, Zena haendi Tanga."

"Mama, juzi ulianguka."

"Nilianguka, nikainuka. Mwanangu, mimi watu wameniona tangu nifike huku bara, wameniona mke wa muuza chumvi, wameniona mswahili wa pwani. Huyu kanipasua akanitazama ndani, mbele ya watu. Siwezi kumchukua mtoto wa mwanawe nikampeleka mbali asimwone tena. Kukata undugu nako nitaulizwa. Kasulu nimekataa. Na Tanga nakataa."

"Dada kasafiri njia yote hiyo."

"Atapumzika, atakula kuku, atarudi kwake."

Khatibu akatoka uani. Sikujua kama nishukuru. Sikuwa nimepata mtoto. Nilikuwa nimepata basi la Kibondo. Na mimi nina tabia ya kuuliza jambo lililo wazi.

"Na ukifa?" nikasema.

Sheikh Mansuri akakohoa. Bi Mwanaheri ndiye aliyecheka, cheko fupi lililomtikisa tumbo.

"Huyu ana mdomo. Nikifa, mkwe, anayefuata wa kumlea ni dada mtu wa Tanga. Khatibu peke yake hawezi, ana duka. Hapo sheikh atakwambia vilevile, nawe utakuja tena na karatasi yako."

"Dawa zako ziko wapi?"

"Za nini?"

"Za presha. Nataka kuziona."

Zilikuwa kwenye mkoba wa plastiki nyuma ya redio, karibu zote. Alikuwa anakunywa kichwa kikiuma, kisipouma hazigusi. Mezani kulikuwa na achari ya ndimu na bakuli la dagaa wa chumvi. Nikavichukua vyote viwili nikavipeleka jikoni. Akaniuliza mimi ni daktari wa nini hasa. Nikamwambia wa ng'ombe, na ng'ombe wangu wana akili kuliko yeye, wanameza wanachopewa.

"Wanameza halafu mnawachinja," akasema.

"Wewe sitakuchinja. Wewe nakuhitaji."

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu. Nilikwenda Kibondo kumnyang'anya mwanamke mtoto. Nikarudi nikimwomba Mungu, kwa jina nimwitalo mimi na kwa jina amwitalo yeye, asimwache afe. Jumapili iliyofuata Theonest alisimama kanisani kwenye maombi ya wagonjwa akamtaja Bi Mwanaheri wa Kibondo. Watu waligeuza shingo. Akarudia jina, kwa sauti zaidi, akaketi.

Niliomba uhamisho kwenda Kibondo. Ofisi inasema unashughulikiwa. Ninajua maana ya neno hilo, ninalitumia mwenyewe kwa wafugaji. Kompyuta sijaifungua tena isipokuwa mara moja, ikaniandikia, Karibu tena, Asnath, sehemu ya pili inakusubiri. Nikaifunga. Sehemu ya pili alinifundisha muuza majembe.

Kila asubuhi, nikitoka machinjioni, nasimama kwenye baraza ileile ninakopata mtandao, napiga simu Kibondo.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, dokta wa ng'ombe."

"Umekula nini jana?"

"Sikwambii."

"Mpe Zena simu."

Na Zena anapumua kwenye simu. Bado haongei na mimi, anapumua tu, na mimi nasikiliza mpaka Bi Mwanaheri aichukue aseme, haya, inatosha, unamaliza salio.

Mvua za masika zimeanza. Leo nimepiga, simu imeita mpaka ikakatika. Nimempigia Khatibu, hapatikani. Inaweza kuwa mtandao. Njia nzima ya huko minara huanguka mvua ikinyesha, hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Nimepiga tena. Imeita, imekatika. Nyama zinangoja muhuri na wachinjaji wananiita, "Dokta, jua linapanda." Nimewaambia wangoje.

Napiga tena.